Okidi za Nyasini: Zitambue Bila Kuzichimba

Kila mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maswali yanayonifikia huwa ni yaleyale. Mmoja ana picha ya ua la zambarau lililochomoza katikati ya nyasi, anauliza kama ni okidi. Mwingine ameshang'oa mmea mzima na kuutia kwenye ndoo, anauliza aupande wapi. Wa tatu ana shamba Makete, ameambiwa kuwa kipande chake kisicholimwa kina chikanda, yaani okidi zenye viazi vinavyoliwa, naye anataka kujua kama hiyo ni mali ya kuuza au ni kitu cha kulinda. Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Ninazozungumzia ni okidi zinazoota ardhini kwenye nyasi za mwinuko, si zile zinazoshika magome ya miti. Makazi yake mashuhuri ni uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 uwanda huo ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ndani yake zimeorodheshwa aina 350 hivi za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi za ardhini.

Lakini nyasi za namna hiyo haziishii kwenye mpaka wa hifadhi. Zipo kwenye malisho ya vijiji, kwenye kingo za mashamba ya viazi na pareto, na kwenye vinyungu, yaani vishamba vya mabondeni. Huko hakuna askari wa hifadhi, na huko ndiko unakohitajika wewe.

Kwanza hakikisha kuwa ni okidi

Picha nyingi ninazoonyeshwa si za okidi. Kabla hujatafuta jina, inama karibu na ua, mikono mifukoni, uangalie mambo haya:

1. Hesabu sehemu za ua. Okidi ina sepali tatu za nje na petali tatu za ndani. Petali moja haifanani na wenzake kwa umbo, ukubwa au rangi. Hiyo huitwa mdomo wa ua.
2. Tafuta stameni. Maua mengi yana vijiti kadhaa vyenye unga wa chavua. Okidi haina vijiti hivyo. Sehemu za kiume na za kike zimeungana zikawa nguzo moja fupi katikati ya ua, na chavua imefungwa katika vibonge vidogo.
3. Zunguka nyuma ya ua. Okidi nyingi za nyasini zina mrija mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua. Idadi ya mirija na mahali inapotokea ni ushahidi mkubwa, kuliko hata rangi.
4. Tazama jani. Mishipa yake inakwenda sambamba kutoka shina hadi ncha. Dalili hii peke yake haitoshi, maana hata nyasi na vitunguu viko hivyo.

Wanaodanganya watu zaidi ni wawili. Gladiola ya porini ina majani marefu makali yaliyojipanga bapa, na ukichungulia ndani ya ua utaona stameni tatu waziwazi. Lile ua la mwenge, ambalo juu ni jekundu na chini ni la manjano, lina vijiua vingi vya mirija vinavyoinama, na stameni zake huchungulia nje. Yote mawili ni mazuri na yanastahili kuachwa yalipo. Ila si okidi.

Makundi matano ya kuanzia

Usianze na jina la spishi. Hata wataalamu wa mimea hubishana juu ya spishi, na anayekimbilia jina kamili mara nyingi hukosea. Anza na kundi. Haya matano yatakutosha kwa sehemu kubwa ya utakachokutana nacho nyasini:

- *Satyrium*. Angalia mirija: ni miwili, pacha, inashuka nyuma ya ua. Mdomo uko juu ya ua badala ya chini, umejikunja ukawa kofia. Maua yamejaa kwenye shina moja, meupe, ya waridi au ya rangi nyingine. Baadhi hupenda mahali penye unyevu.
- *Disa*. Mrija ni mmoja, na unatoka kwenye sepali ya juu, ambayo imeinuka kama kofia. Mdomo ni mwembamba, uko chini, na mara nyingi hautambuliki kwa haraka. Rangi ya chungwa na nyekundu ni za kawaida hapa.
- *Habenaria*. Mrija ni mmoja pia, ila unatoka kwenye mdomo. Rangi ni kijani na nyeupe. Petali na mdomo huwa zimechanika vipande vyembamba, kiasi kwamba ua linaonekana kama mdudu mwenye miguu mingi. Anayetembea haraka hulipita bila kuliona.
- *Brachycorythis*. Shina limevaa majani mengi yanayopandana tangu chini hadi kwenye maua. Mdomo ni mpana, aghalabu wa zambarau au waridi.
- *Eulophia*. Shina la maua hutoka pembeni mwa majani, na katika baadhi ya aina hutangulia kabla ya majani. Juu ya mdomo kuna matuta madogo.

Watu huchanganya *Disa* na *Satyrium* kuliko makundi mengine yote, kwa sababu yote mawili yana kofia. Dawa ni ileile: zunguka nyuma uhesabu mirija. Mmoja ni *Disa*, miwili ni *Satyrium*. Usihukumu kwa rangi, maana spishi moja inaweza kuwa na rangi iliyokolea upande huu wa kilima na iliyopauka upande wa pili.

Baadhi ya *Disa* na *Satyrium* hutoa machipukizi mawili tofauti: moja la maua, jingine la majani matupu, yakiwa karibu karibu. Mtu akiona shina la maua lisilo na majani ya maana hudhani mmea unaumwa, kisha anakanyaga majani yake yaliyo pembeni. Angalia unapoweka mguu.

Picha zinazomsaidia mtaalamu

Picha moja ya ua lililojaa kioo kizima inapendeza, lakini haitambulishi kitu. Piga hizi:

- mmea mzima, tangu ardhini hadi kileleni, ukiwa na kalamu au sarafu pembeni kama kipimo;
- ua moja kutoka mbele;
- ua hilohilo kutoka ubavuni, mrija uonekane;
- majani, pamoja na yale ya chipukizi la pembeni;
- mazingira: kilima kikavu, bonde lenye maji, ukingo wa mwamba.

Andika tarehe, mwinuko kama simu yako inaonyesha, na kama udongo ulikuwa mkavu au wa kinamasi. Ukiwa na picha hizo, mtaalamu wa chuo kikuu au wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Arusha au ile ya Nairobi, ana pa kuanzia bila wewe kukata hata jani.

Kuna mambo mawili ambayo wapiga picha hukosea. La kwanza ni kung'oa nyasi zinazolizunguka ua ili lionekane vizuri. Nyasi hizo ndizo zinazolikinga na upepo, mbuzi na macho ya wachimbaji. Ukizing'oa unaacha uwanja mtupu wenye alama katikati. La pili ni baya zaidi: kutangaza mahali. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya picha yenyewe. Zima huduma hiyo kabla ya kupiga picha utakayoirusha kwenye makundi ya simu au mitandao, na kwenye maelezo taja wilaya tu. Ukitumia iNaturalist, mtandao huo huficha wenyewe mahali halisi pa spishi zilizotambuliwa kuwa hatarini. Kwa spishi nyingine, chagua mwenyewe kupaficha.

Kwa nini hata kiazi kimoja kisichimbwe

Hapa ndipo wengi wanaponipinga, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chini ya okidi hizi nyingi kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa na kuwa cheusi, kwa sababu chakula chake kimekwisha kutumika kutoa shina na maua ya msimu huu. Cha pili ni kipya, kigumu, cheupe kwa ndani. Hicho kinajazwa na majani ya mwaka huu ili kitoe mmea wa mwaka ujao. Mvua zikikatika, sehemu yote ya juu hukauka, na okidi inabaki kuwa kiazi hicho peke yake, kimelala ardhini mpaka mvua zirudi.

Mchimbaji hutaka kiazi kipi? Kile kigumu.

Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia, viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi vikashikana na kukatwa vipande. Ndicho chakula kiitwacho chikanda. Kilianza kama chakula cha vijijini, sasa kinauzwa mijini. Okidi za huko zilipoadimika, wanunuzi walivuka mpaka. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini vilikuwa vinahesabika kwa mamilioni kila mwaka. Zinazochimbwa zaidi ni *Disa*, *Satyrium*, *Habenaria* na *Brachycorythis*, yaani makundi manne kati ya matano niliyoyataja.

Najua majibu mnayotoa.

*"Kile cha zamani tunakirudisha ardhini."* Hakina kitu ndani. Mnarudisha ganda. Mwenye kuchukua kiazi kipya amekula mbegu ya msimu ujao.

*"Zipo nyingi, zitajiotea kwa mbegu."* Tumba moja, yaani tunda lake kavu, lina maelfu ya mbegu, ni kweli. Lakini ni ndogo mno, kama vumbi, na hazina akiba ya chakula ndani. Mbegu ya okidi haichipui mpaka ikutane na kuvu anayefaa udongoni, ambaye huilisha mwanzoni. Nyingi hazimpati. Zinazompata huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

*"Nisipochimba mimi, atachimba mwingine."* Inawezekana. Ndiyo maana ulinzi wa mtu mmoja hautoshi, na hapo chini nazungumzia kijiji.

*"Inalipa, na maisha ni magumu."* Hili silidharau. Lakini tazama mnyororo wenyewe: mchimbaji hulipwa mara moja, kwa kitu ambacho hakitarudi mahali pale kwa miaka mingi, na faida kubwa inabaki mbele ya safari. Na kuna sheria. Ndani ya hifadhi ya taifa kung'oa mmea ni kosa. Nje ya hifadhi, okidi zote duniani zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, kwa hiyo kuzivusha mpaka bila kibali ni biashara haramu. Ukikamatwa na gunia, aliyekutuma hayupo.

*"Nitaihamishia bustanini kwangu niiokoe."* Hapa wema wa watu huua okidi nyingi. Udongo wa bustani una mbolea na hauna kuvu anayelisha okidi. Mmea hutoa ua la mwaka huu kwa akiba iliyobaki, mwenyewe anafurahi, na mwaka wa pili mmea hauonekani tena. Aliye na okidi nyasini anayo tayari. Asiihamishe.

Moto, jembe, dawa na miti

Ukiulizwa ni nini kinachomaliza nyasi za maua, usitaje moto kwanza. Moto wa kiangazi unapita juu wakati viazi vimelala chini, na zipo okidi zinazochanua vizuri baada yake. Wa kuogopwa ni moto wa kuchelewa, wa Novemba na Desemba, chipukizi zikishatoka. Huo huunguza jani kabla halijajaza kiazi kipya. Kama ni lazima kuchoma malisho, choma mapema, kwa zamu, kipande baada ya kipande, na wala si kila mwaka mahali palepale.

Jembe ni jambo jingine. Linageuza udongo, linakata viazi na kuvuruga kuvu kwa pamoja. Nyasi zilizolimwa mara moja kwa ajili ya viazi mviringo zitaota tena baada ya kuachwa, kijani kitarudi, na mpita njia ataona pazuri. Okidi hazirudi kwa urahisi huo.

Dawa za kuua ukungu wa viazi mviringo nazo zitazamwe. Baadhi yake hazitofautishi ukungu mbaya na kuvu anayelisha okidi. Usipulize siku ya upepo kuelekea kwenye nyasi zisizolimwa, na usioshee bomba mabondeni.

Sasa miti, ambayo itawashangaza wengine. Tumefundishwa kuwa kuhifadhi ni kupanda miti, na mahali pasipo na miti panahesabiwa kuwa pameharibika. Kwa nyasi za asili za mwinuko somo hilo halifai. Okidi hizi zinahitaji jua kamili. Misonobari na mikaratusi ikipandwa juu yake, kivuli na tabaka la majani makavu huzimaliza bila mtu kugusa jembe. Mbegu za misonobari nazo hupeperuka na kuota zenyewe kwenye nyasi za jirani. Kampeni ya kupanda miti ikifika kijijini kwako, ipokee, lakini elekeza miche kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, kwenye mipaka ya viwanja na shuleni. Ukiona miche ya misonobari inajiotea katikati ya maua, ing'oe ingali midogo. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kung'oa ninayoitoa katika makala haya.

Kama okidi ziko kwenye ardhi yako

- Acha ukanda wa nyasi usiolimwa kando ya shamba, hasa mahali pa mawe au pa maji ambapo mavuno ni haba.
- Usifungue kinyungu kipya kwenye bonde lenye okidi. Panua kilichopo.
- Ng'ombe wachache si adui, kwa kuwa hupunguza nyasi ndefu. Ila wasiingie mahali pa maji kuanzia Desemba mpaka matumba yapasuke.
- Usiweke mbolea, ya chumvichumvi wala ya samadi. Nyasi zitanenepa na kuifunika okidi.
- Usifyeke kabla matumba hayajakauka na kumwaga mbegu.

Na kama barabara au bomba la maji lazima lipite hapo? Jaribu kwanza kuomba lisogezwe, maana mita chache huweza kutosha. Ikishindikana kabisa, mwite afisa maliasili wa wilaya. Kuhamisha ni hatua ya mwisho, hufanywa kiangazi mmea ukiwa umelala, kwa kukata bonge kubwa la udongo pamoja na nyasi zake na kulipeleka kwenye nyasi za aina ileile. Hata hivyo huenda ukaipoteza.

Kijiji kina nguvu kuliko mtu mmoja

Wachimbaji hawakai kijijini kwa siri. Wanalala kwa mtu, wanabebewa na bodaboda, wananunua chakula dukani. Kijiji kikiamua, wanajulikana siku ya kwanza. Njia ni hii:

1. Zungumza na kamati ya mazingira, uwaonyeshe picha ulizopiga.
2. Omba eneo litengwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Eneo dogo lililoandikwa ni bora kuliko kubwa la maneno.
3. Halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo ya kuzuia uchimbaji, ijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.
4. Washirikisheni vijana wanaochimba sasa. Wao wanajua ziliko kuliko yeyote, na wageni wanaopanda zile kona hamsini na saba kutoka Chimala kwenda Matamba kati ya Desemba na Aprili wanahitaji waongozaji. Si kazi ya kila mmoja wala ya mwaka mzima, na msiwaahidi hivyo.

Hesabu kila mwaka

Bila hesabu hamtajua kama mnashinda. Chagua mstari mmoja wa hatua mia, upite juma lilelile kila mwaka, ukihesabu mashina yenye maua kwa kila kundi, hatua mbili kulia na mbili kushoto. Andika kwenye daftari moja. Tia alama kwa jiwe au mwamba unaojulikana. Usifunge utepe mwekundu kwenye mmea, kwa kuwa utepe unamwonyesha mchimbaji pa kuanzia.

Usishtuke mwaka mmoja idadi ikishuka. Okidi inaweza kupumzika msimu mzima bila ua, au hata bila jani, kisha ikarudi. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Ikishuka misimu mitatu mfululizo, au ukikuta vishimo vidogo vingi vilivyofukuliwa pamoja na maganda meusi yaliyotupwa pembeni, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji na afisa maliasili, na kwa askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ikiwa ni jirani na hifadhi.

Kama eneo la kijiji chenu bado halijatengwa, lipelekeni kwenye mkutano mkuu kabla ya mvua za Novemba. Chipukizi likishatoka juu ya udongo, mchimbaji naye anaanza kuliona.